Kamba Kwenye Masale

Niliacha shule darasa la tano, na tangu hapo nimehamahama kwa sababu moja tu: napenda kujua watu wanaishije. Ndivyo nilivyojikuta Mbamba Bay nikimshikia kamba ya kupimia dalali wa viwanja, mtu wa milimani Mbinga.

Alikuwa ndiyo kwanza amepata leseni. Njiani alinitajia masharti yake kama anasali: uhakikishe anayeuza ndiye mwenye mali, uwaite majirani wa mipaka, umwambie mnunuzi yote unayoyajua, hata yatakayomkimbiza.

"Na usiyoyajua?"

"Unauliza. Ndiyo kazi yenyewe."

Kiwanja kilikuwa ufukweni mwa ziwa, upande wa Lundo. Muuzaji alikuwa kijana aliyekirithi kwa baba yake. Jirani alikuwa shangazi yake, bibi mwembamba. Mnunuzi, aliyetaka kujenga nyumba ya wageni, alisubiri simu mjini.

Dalali aliona mstari wa masale akafurahi. Kwao masale hutenga kahawa ya huyu na ya yule, na hakuna anayeuliza. Akafunga kamba kwenye shina la kwanza.

"Mpaka wetu huu hapa."

"Fungua kamba," bibi akasema.

"Shikamoo, bibi. Tunapima tu."

"Marahaba. Ninyi wa milimani kila jani kwenu ni mpaka. Hapo nimelaza wanangu, kila mmoja na shina lake."

"Shangazi, hayo ni ya zamani," kijana akasema.

"Ya zamani kwako. Mimi niliwanyonyesha."

Dalali akafungua kamba polepole. Akauliza kama wote wamo kwenye mstari.

Bibi alitazama kiwanja kizima, hadi kwenye mchanga. "Mmoja hayumo. Alizaliwa amekufa. Mume wangu alimzika mimi nikiwa nimelala ndani, na hakupanda kitu. Nilimuuliza mpaka naye akafa. Alisema tu, kule karibu na maji."

Hakuna aliyesogeza mguu.

Dalali akampigia mnunuzi, akamweleza yote. Sauti ya simu ilisikika hadi nilipokuwa.

"Hao wa kwenye masale wajengee ukuta. Huyo mwingine nani atajua?"

"Mimi najua. Na sasa wewe unajua."

Simu ikakatika.

"Nitatafuta dalali asiye na leseni," kijana akasema. "Wamejaa stendi."

Tuliondoka kwa kukanyaga nyayo zetu zilezile, mmoja nyuma ya mwenzake.

Nilipopita tena baadaye, masale yalikuwa yamezungushiwa ukuta mdogo wa matofali, na msingi wa nyumba ulikuwa umechimbwa karibu na maji. Mafundi walikuwa wameenda kula. Bibi alikuwa amepiga magoti kando ya udongo uliotolewa, akiuchambua konzi kwa konzi, akitenga kila kitu cheupe: kokoto, ganda la konokono, mwiba wa samaki.

Nikamwamkia. Akanisogezea nafasi, nami nikapiga magoti.