Fundi Aliyesawazisha Ncha za Mabomba

Karakana nzima inamwita Rula. Jina hilo hakupewa kwa heshima. Alikwenda kutoa pole msibani, akainuka mbele ya waombolezaji kunyoosha picha ya marehemu ukutani. Mwenyewe huisimulia habari hiyo kila aendako, na hucheka kuliko wote.

Kazi yake ni kuzungusha nyuzi za kioo zilizoloa gundi kwenye mhimili wa chuma, tabaka juu ya tabaka. Gundi ikikauka, anachomoa bomba jepesi na gumu. Ukimuuliza, atakuambia ndiye fundi bora wa mabomba pale, kisha ataongeza kwamba yuko peke yake.

Binti wa dada yake aliajiriwa hapo kama mhandisi. Alibuni mabomba ya kufungwa mbele ya gari ili likigonga, bomba lisagike polepole na kumeza kishindo kabla hakijawafikia abiria. Mabomba matatu yangebanwa kwenye mashine mbele ya wageni wawili kutoka makao makuu. Yakishindwa, mradi unafungwa na binti hana kazi.

Asubuhi ya jaribio Rula aliyakuta mabomba mezani, kila moja ncha yake ya juu imechongwa mshazari pande zote. Roho ikamuuma.

"Maskini, mtoto kaharakisha," akajisemea. "Si angeniambia tu!"

Akashika msumeno, akazikata ncha zote, akazipiga msasa mpaka zikang'aa. Hakumwambia mtu, maana alitaka iwe zawadi. Hadi leo hujiita mtu mwenye nia njema na msumeno, yaani mtu wa kuogopwa.

Yeye ndiye aliyesimamisha bomba la kwanza kwenye mashine, kifua mbele. Binti alikuwa nyuma ya kioo cha usalama, macho kwenye kompyuta. Sahani ya chuma ikashuka. Mstari wa mzigo kwenye kompyuta ukapanda, ukazidi kupanda, kisha pa! Bomba likapasuka juu hadi chini, vipande vikatawanyika. La pili vilevile. Mgeni mmoja akaanza kukusanya makaratasi yake.

"Labda nimekosea hesabu," binti alisema kwa sauti ndogo.

Rula akamsogelea. "Mama, ile mishazari ilikuwa ya kazi gani?"

"Ndipo bomba linapoanzia kusagika, mjomba. Pale pembamba panavunjika kwa mzigo mdogo, halafu kwingine kunafuata taratibu. Bila hapo linakaza lote mpaka linapasuka kwa mkupuo." Akainua macho kutoka kwenye kompyuta. "Kwa nini unauliza?"

Rula alifikiria kuisingizia mashine. Alifikiria pia kunyamaza: binti bado kijana, atapata kazi kwingine, lakini yeye na uzee huu nani atamchukua? Wazo hilo lilimkaa kichwani muda mrefu kuliko anavyopenda kukiri.

"Nimeikata," akasema, na wageni wakasikia. "Niliona haipendezi."

Binti akachukua tupa, akamkabidhi. Rula akakaa mbele ya wote, akachonga mshazari kwenye bomba la tatu kwa vipimo alivyotajiwa.

Sahani ikashuka tena. Safari hii ulisikika mlio mdogo tu, kama wa mtu anayetafuna bisi. Ukuta wa bomba ukachanika kuanzia juu, nyuzi zikajikunja nje na ndani kama maganda ya muhindi unaomenywa. Mstari wa mzigo ukapanda kidogo, ukatulia, ukaenda sawa mpaka mwisho. Rula alikuwa hajawahi kuona kazi yake ikiharibika vizuri namna ile.

Yule mgeni akatoa tena makaratasi, akauliza sababu ya yale mawili kupasuka.

"Andika dosari ya maandalizi," binti akasema.

"Maandalizi ya nani?" Rula akadakia. "Wakisoma hivyo watadhani ni wewe. Andika fundi alikata ncha bila kuuliza. Na jina langu liandike lote."

Mgeni akaandika. Binti akamtazama mjomba wake, machozi yakimlengalenga.

"Nahitaji mengine kumi na mawili," akasema. "Utanitengenezea?"

Rula akafungua mdomo aeleze jinsi yatakavyopendeza, kisha akaufunga.

"Nitajie vipimo," akasema.