Mgeni Akianguka Usicheke

Baba mdogo aliporudi kutoka melini, kitu cha kwanza alichotoa kwenye begi hakikuwa zawadi. Kilikuwa ubao. Mfupi, mwepesi, umechongoka mbele, chini laini kama sahani. Bibi aliugeuza mara mbili akauliza kama ndiyo meza ya kupigia pasi. Mimi nikasema, "Hapana bibi, ni jeneza la paka." Nikala kofi la kisogo. Lakini baba mdogo alicheka mpaka akakaa chini sakafuni, miguu mbele kama mtoto, na hapo nikajua kwamba mimi na huyu mtu tutaelewana.

Alikuwa amekaa miaka minne kwenye meli ya watalii, zile ambazo nyumba zote za Mbinga mjini ukizipandanisha bado hazifiki juu. Huko juu kabisa, alisema, kuna mashine ya mawimbi. Ni mteremko uliotandikwa kitu laini kama godoro. Pampu zinasukuma maji kutoka chini kwenda juu, kwa kasi, na mtu anasimama juu ya ubao anateleza palepale alipo, haendi mbele wala harudi nyuma.

"Maji yanapanda mlima?" bibi akauliza.

"Yanapanda, mama."

"Na meli yenyewe iko juu ya maji?"

"Ndiyo, baharini."

"Yana mawimbi hayo maji ya baharini?"

"Tena makubwa."

"Sasa si waruke nje tu?"

Nilijikunja kwa kicheko. Baba mdogo naye. Halafu bibi akauliza kazi yake yeye huko juu ni ipi, na baba mdogo akasema, "Nafundisha." Alisema haraka, kama mtu anayepita mbele ya nyumba yenye mbwa. Mimi nililiona hilo. Nina jicho la vitu vya namna hiyo, na ndilo lililotuponza.

Kufika Jumapili, watu wa kijijini kwetu Matiri walikuwa wameshampa jina. Akitoka kanisani wanaume wanamwita Mwalimu, wengine Mwalimu wa Mawimbi, na yeye anainua mkono kidogo tu, hapingi, haitiki.

Masomo yangu ya ubao yalianza masika, nilipokuwa nimefungua kidato cha tatu. Chini ya kijiji chetu kuna mtambo wa kuoshea kahawa, na miezi hiyo huwa umelala, mpaka kahawa ziive. Una mfereji wa zege unaoteremka, upana wake kama mlango wa ghala, na ukifungulia lango la juu maji ya mto yanakuja kwa fujo yote ya mvua. Mlinzi wa mtambo alisoma darasa moja na baba mdogo. Alituambia tukivunjika miguu tutambae wenyewe mpaka barabarani, yeye hakutuona.

"Huko maji yanapanda, sisi tunateleza kushuka," baba mdogo alieleza, anafunga kamba kwenye nondo juu ya mfereji. "Huku yanashuka. Kwa hiyo wewe utashika kamba, maji yapite chini yako. Ni jambo lilelile limegeuzwa tu. Panda, kiazi."

Aliniita kiazi miezi yote mitatu.

Siku ya kwanza sikufika hata kusimama. Nilipiga magoti, ubao ukanikimbia, maji yakanichukua kama ganda la kahawa na kunitupa kwenye bwawa la chini, ambako maganda ya msimu uliopita yalikuwa bado yanaoza. Harufu ile, mtu asikudanganye, haitoki kwa sabuni moja. Nilipoibuka, baba mdogo alikuwa amelala chali kwenye nyasi anacheka.

"Huko melini pia unacheka hivyo?" nikauliza, natema.

Akakaa. Akajipangusa macho. "Weee! Huko ndilo somo la kwanza tunalopewa sisi. Mgeni akianguka, usicheke. Hata akianguka na kaptula ikabaki juu, usicheke. Unamfuata, unampa mkono, unatabasamu. Meno ya juu tu, manane, yasizidi. Yakizidi unamcheka, yakipungua umenuna." Akanionyesha. Uso wake ulibadilika ukawa uso wa bango. "Pole sana, mgeni wangu. Umeumia?"

Ilinitisha kidogo, ile sura. Nikamwambia airudishe ya kwake.

"Ya kwangu ndiyo hii," akasema, akaachia kicheko tena. "Ndugu yako akianguka unacheka mpaka ukae chini. Ukiona mtu hakucheki, jua wewe ni mgeni wake. Panda, kiazi."

Saa hatukutumia. Simu ilikuwa inarekodi, kwa hiyo muda tulihesabu kwa Salamu Maria. Nikisimama anaanza kusali kwa sauti, mwendo wa rozari ya Oktoba, na lengo lilikuwa nisimame Salamu Maria tatu bila kuyumba. Mpaka Pasaka nilikuwa siachi kuangukia "umebarikiwa kuliko". Bibi aliposikia alisema tutachomwa moto wote wawili, na mlinzi kwa kufungua lango. Lakini nilikuwa napenda ile sauti yake ikinihesabia. Baba yangu mzazi akinitazama huwa anahesabu makosa.

Kuna neno moja inabidi niliseme hapa, kwa sababu bila hilo yote yaliyofuata ni utoto tu. Baba mdogo alikuwa na mchumba huko ziwani, Ngumbo. Fundi cherehani, Mwanglikana, mpole, ana kicheko cha chinichini. Tatizo halikuwa dhehebu, hilo mapadri walishaanza kulizungumza. Tatizo lilikuwa baba wa binti. Dada mkubwa wa huyo binti alishawahi kuchumbiwa na mtu aliyejiita mhandisi, na mahari ikiwa nusu njiani ikagundulika huyo mhandisi kazi yake ni kumshikia mhandisi mwavuli. Kwa hiyo mzee alituma ujumbe kupitia kwa mshenga, na ujumbe ulirudiwa sebuleni kwetu mbele yangu: "Sitafuti tajiri. Natafuta mtu ambaye neno lake nikiliegemea sidondoki. Nitakuja mwenyewe nimwone."

Wote tuliusikia. Mimi niliusikia.

Wiki moja kabla ya ugeni, baba mdogo alinipa simu yake nihamishe video za masomo yetu kwenye flashi, wageni waje waone kwenye runinga. Zilikuwa kumi na moja. Ndani ya simu ileile nikaikuta na nyingine, ya melini. Nikaifungua.

Mashine yenyewe ndiyo hiyo, mteremko wa buluu, maji yanapanda kweli. Pembeni amesimama kijana mmoja wa kizungu, filimbi shingoni, anaelekeza kwa mikono. Na chini kabisa, kwenye ukingo wa godoro, baba mdogo. Ana dekio mkono mmoja, rundo la taulo mkono wa pili. Mvulana wa rika langu anapanda ubao, anayumba, maji yanamrusha, anamwangukia baba mdogo kifuani. Dekio huko, taulo huko, kofia inaelea. Watu wanacheka, na anayerekodi anacheka mpaka picha inatikisika. Baba mdogo anainuka, anamwinua mvulana, anampa taulo moja iliyobaki kavu. Meno manane. Na yule mvulana, kabla hajaondoka, anampigapiga kichwani. Hivi, paa paa, kama unavyompiga mbwa aliyeleta kiatu.

Nilipekua simu nzima. Kulikuwa na picha nyingi za meli, na kwenye nyingi kuna mkono wake au kivuli chake. Hiyo video ndiyo pekee iliyokuwa na uso wake akiwa kazini.

Nisidanganye kwamba sikuelewa. Nilielewa mara moja. Nilichofikiri, kama kile kinaitwa kufikiri, ni kwamba lile anguko lilikuwa tamu mno kuachwa. Niliona wazee wanacheka, baba mdogo anacheka mpaka anakaa chini, ugeni unachangamka. Nikaihamisha nayo. Nikaiweka ya kwanza.

Walikuja wawili, baba wa binti na mwenzake, pamoja na mshenga, wamebeba samaki wakavu, mbasa, kwenye kikapu. Mzee alikuwa mvuvi maisha yake yote, mabega bado mapana, anaongea polepole. Tuliwaamkia, tukawapa maji ya kunawa, wakala kuku na ugali, wakasifu kahawa ya bibi. Mzee akamtania baba mdogo: "Mwanangu, mimi ziwa limenirusha miaka arobaini bure. Kumbe kuna watu wanalilipia hilo?" Watu wakacheka. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri, ndicho kinachoniuma. Yalikuwa yanakwenda vizuri sana.

"Basi tuone hiyo kazi," mzee akasema.

Baba mdogo akanigeukia. Alikuwa amevaa shati jipya, ananitazama kama mtu na msaidizi wake. "Mwanangu, hebu waonyeshe wazee masomo yetu."

Nikabonyeza.

Mvulana akapanda, akayumba, akarushwa. Nikacheka. Nilicheka kwa nguvu, nikisubiri wenzangu wanidake, na hakuna aliyenidaka. Nilicheka peke yangu mpaka kofia ilipoanza kuelea. Ikafika pale pa kichwani, paa paa, na hapo mama yangu akatazama dirishani.

"Huyu mwenye dekio ni nani?" mzee akauliza.

"Ni mimi, baba," baba mdogo akajibu.

"Na mwalimu ni yupi?"

Baba mdogo aliinuka. Alikwenda mpaka kwenye runinga, akaweka kidole juu ya yule kijana wa filimbi. "Huyu."

Mzee alitikisa kichwa kama mtu anayekubali bei. Akanywa kahawa yake mpaka ikaisha. "Kupangusa ni kazi," akasema. "Mimi nimepangusa matumbo ya samaki tangu sijaota ndevu. Binti ningempa mpangusaji, mwanangu. Ungesema tu."

"Babu, kuna nyingine!" nikaropoka. "Kuna kumi na moja, ananifundisha mimi, tazama—"

"Inatosha, mjukuu wangu."

Waliaga vizuri. Watu wa ziwani wanajua kuaga. Waliposhuka kilima bibi alianza kukusanya vikombe, akamuuliza mwanawe bila kumtazama: kama hukuwa mwalimu, kusimama juu ya huo ubao ulijulia wapi? Baba mdogo akasema kila alfajiri, kabla wageni hawajaamka, lazima mtu mmoja apande kujaribu maji kama yako sawa. Mtu huyo alikuwa yeye. Miaka minne, dakika chache kila siku, hakuna anayemtazama. "Kufundisha sijawahi kumfundisha mtu," akasema, "mpaka huyu."

Huyu ni mimi. Kwa hiyo siku ile aliposema mbele ya wazee "masomo yetu", alikuwa hasemi uongo tena. Ushahidi ulikuwa kwenye flashi, video ya pili mpaka ya kumi na mbili. Nyie mnaopenda kuchangamsha sherehe, chukueni hiyo mkalale nayo.

Baada ya siku tisa mshenga akaleta jibu: tusisumbuke kupeleka mbuzi. Baba alinichapa, tena kwa hotuba, kila fimbo na methali yake. Baba mdogo hakunigusa. Hakunigombeza. Nilijaribu kuomba radhi jikoni nikaishia kufanya utani, mdomo wangu ndivyo ulivyo, ukiona kaburi unatafuta pa kuchezea. Akasema, "Haina shida."

Jumamosi nilikwenda mferejini nikidhani hatakuja. Alikuja. Alifunga kamba, akafungulia lango, akasimama kando na taulo begani. Taulo hatukuwahi kuwa nayo. Huwa tunajikausha kwa jua, au hatujikaushi.

Nilipanda. Nikasimama. Maji yakapita chini yangu sawasawa, magoti laini kama alivyonifundisha, na nikangoja aanze kusali. Hakuanza. Nikaanza mwenyewe, moyoni. Salamu Maria moja. Ya pili. Ya tatu nikaimaliza mpaka amina, na sikuyumba, na nikageuza shingo kumwonyesha.

Ndipo ubao ukanitoka. Miguu ilikwenda juu, kisogo kikapiga maji, nikabiringika mfereji mzima na kuingia bwawani kichwa mbele. Lilikuwa anguko la kutuchekesha wiki mbili. Nilipoibuka nilikuwa na maganda ya kahawa masikioni, na kaptula iko magotini, naapa. Nikamtazama huku nimeshaanza kucheka, ili tuanze pamoja.

Alikuwa ameshaingia majini mpaka mapajani, na viatu vyake. Amenyoosha mkono mmoja, wa pili umeshika taulo, imekunjwa vizuri.

"Pole sana, mgeni wangu," akasema. "Umeumia?"

Nilisema hapana. Nikayahesabu meno. Yalikuwa manane.