Mshale Niliougandisha Katikati

Kosa ni langu. Nalisema mapema, maana nikichelewa nitaanza kumsingizia bosi, nitasingizia kilima cha Kisarawe, nitasingizia hata jua. Ni mimi. Nimemdanganya mama wa watu mpaka akaacha kujiamini, na hasira niliyo nayo na nafsi yangu sijui niipeleke wapi!

Mimi ni fundi umeme wa magari, gereji ya uani tu, hapa Kibaha. Shule niliishia kidato cha pili. Wenzangu wananiita Ndoto, kwa sababu kila likiingia gari kuukuu nasema siku moja nitakuwa na banda langu la kufufua magari ya zamani. Wanacheka, na mimi nacheka nao. Sina neno.

Basi siku hiyo likaingia gari jekundu la spoti, milango miwili, la chini mpaka ukikaa unajiona kama umekaa mkekani. Geji tano za mviringo kwenye dashibodi.

Nikatarajia kijana mwenye cheni shingoni. Akashuka mama mtu mzima na ushungi wake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Usilikodolee macho hivyo, lina mwenyewe!"

Alikuwa mkunga, amestaafu, anakaa Kisarawe. Gari aliachiwa na marehemu mumewe. "Alinifundisha kuliendesha kwa makelele," akaniambia, "sasa naliendesha kwa raha zangu." Kila wiki anakuja nalo Kibaha kumwona binti yake. Hamwombi mtu lifti, hamsubiri mtu.

"Geji ya mafuta imelala," akasema. "Ya mwendo inatetemeka kama ina homa. Na hii ya joto haitaki kupanda. Nitengenezee zote. Niko peke yangu humo ndani, nataka nijue gari linaniambia nini."

Nataka nijue gari linaniambia nini. Mnaona maneno hayo? Mimi niliyasikia kwa masikio yangu mawili!

Nikaitoa dashibodi nzima. Siku mbili sikula vizuri kwa furaha. Geji ya mafuta waya wake ulikuwa umeoza kutu, nikausafisha, ikaamka. Ya mwendo nikaipaka grisi kwenye kebo, ikatulia. Vioo nikavifuta na dawa ya meno mpaka vikang'aa. Kazi ile niliifanya kwa haki, Mungu anajua.

Ya joto ikanishinda. Nikabadilisha sensa, kile kidude kinachopima joto la injini, wapi! Nikapima waya, mzima. Nikawasha gari nusu saa, mshale uko chini tu, umelala. Na mama yuko njiani anakuja kuchukua gari lake.

Bosi akapita, akanikuta nimejishika kichwa.

"Ndoto, unalia?"

"Geji ya joto imegoma, kaka."

Akacheka. "Dogo, mteja hanunui joto, ananunua mshale. Mwekee mshale!"

Kila fundi umeme anajua maana yake. Unakata waya unaotoka kwenye sensa, unaufunga kwenye bodi ya gari ukiupitisha kwenye kidude kidogo cha ndani ya redio, rezista. Basi, mshale unapanda katikati na kukaa hapo hapo. Injini iwe baridi, iwe inaungua, mshale uko katikati.

Nikafanya. Sikufanya kwa uroho, ndiyo maana naumia. Nilifanya kwa huruma! Sikutaka kumwona yule mama akinyong'onyea. Huruma ya kipumbavu kabisa!

Alipouona mshale umesimama akapiga makofi. "Mwanangu una mikono ya dhahabu!" Na mimi, bila haya, nikatabasamu.

Haikupita wiki mbili. Akiwa anapanda kilima cha kuingilia Kisarawe, mpira wa maji ukapasuka. Gari likaanza kukosa nguvu, likanuka. Akatazama geji. Katikati. Akaendelea. Likazima. Akatazama tena. Katikati! Basi akajua joto halina tatizo, akafungua boneti, akashika mfuniko wa rejeta, pale maji ya injini yanapopozwa, akauzungusha.

Mvuke ulimuunguza mkono wa kulia kuanzia kiganja mpaka kiwiko. Injini ikaharibika.

Bosi akanituma Kisarawe nikaangalie. Nikamkuta mama barazani, mkono umefungwa bandeji, na mwanawe mkubwa, Idi, amesimama kando na funguo za gari mkononi.

"Fundi," Idi akaniuliza, "geji ilikuwa inafanya kazi?"

"Ngoja niangalie, kaka."

Nikaingia chini ya dashibodi. Nikakata ile rezista, nikaitia mfukoni, nikarudisha waya wa sensa mahali pake. Halafu nikatoka nikasema kwa sauti ya mtu mwaminifu, "Geji ni nzima. Labda mama hakuutazama mshale. Labda alisahau kukagua maji."

Labda! Mshenzi mimi!

"Niliutazama," mama akasema. "Ulikuwa katikati."

"Mama," Idi akamjibu, "fundi amekwambia geji nzima. Umri umekwenda. Hukuona. Kuendesha gari sasa basi." Funguo akazitia mfukoni.

Mama akanitazama, akataka niseme kitu. Nikatazama viatu vyangu.

Fundi wa kule alipofungua injini akanipigia simu anacheka. "Hii gari themostati walishaitoa zamani!" Themostati ni kile kidude kinachozuia maji yasizunguke mpaka injini ishike moto. Mafundi wetu wanakitoa, wanasema nchi yetu ya joto, hakina kazi. Bila hicho, injini ilikuwa inapoa kupita kiasi, na mshale ukalala chini kwa sababu ndivyo ilivyokuwa kweli. Geji haikuwa mbovu! Ilikuwa inasema kweli siku zote, mimi nikaja kuinyamazisha!

Nilikaa na siri hiyo miezi mitatu. Nilipokwenda hatimaye, nilimkuta mama peke yake. Nikasema yote, mpaka rezista ya mfukoni. Nikalia.

Hakunibembeleza. Akasema, "Unajua nafanya nini siku hizi? Nikizima jiko narudi kuangalia. Nikifunga mlango narudi kuangalia. Mimi niliyezalisha nusu ya mji huu, sasa namuuliza mjukuu kama nimekula dawa. Niliuona mshale kwa macho yangu, mkaniambia sikuuona."

"Nisamehe mama."

"Usiniombe mimi msamaha mafichoni. Ijumaa wanangu wote watakuwa hapa. Njoo useme mbele yao."

Nilikwenda. Idi alinikunja shati, nikamwacha. Dada yake akamwambia, "Mwache, rudisha kwanza funguo za mama." Akazirudisha, za gari lisilowaka. Mama akazipokea kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia vidole bado havikunjiki vizuri, akaingia nazo ndani bila kuniaga.

Gereji kwa bosi nimeondoka. Injini nyingine ya gari lile haijapatikana mpaka leo, bado naisaka.

Mafundi wenzangu, mliozoea kugandisha mishale na kuua taa za onyo za dashibodi ili mteja aondoke anacheka: acheni! Kitu kikikushinda, sema kimenishinda. Atanuna, atakwenda kwa mwingine, lakini atafika kwake mzima.

Na wewe mwenye gari, kesho asubuhi kabla hujawasha, fungua swichi tu uangalie mshale wa joto. Gari lililolala usiku kucha haliwezi kuwa na joto. Ukiukuta umesimama katikati, hujakosea kuona, na usikubali mtu akwambie umekosea. Mrudie fundi wako. Mwambie akutazame machoni.