Siku Baba Aliporuka Milango ya Maulidi

Sifa njema zote ni zake Mwenyezi Mungu, aliyetupa pumzi tukiwa hatujui kuiomba, na anayetuachia kumbukumbu hata meno yanapotuacha. Namshukuru kwa niliyoyaona na kwa aliyoniepusha nisiyaone. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu, ambaye kwa ajili ya kuzaliwa kwake ndiyo nasimulia haya.

Wiki iliyopita nilikuwa kwa mjukuu wangu Bugolobi, huko juu kwenye ghorofa. Alikuwa anakaanga vitunguu jikoni na papo hapo amefukiza ubani sebuleni, maana alitarajia wageni. Harufu zile mbili zilipokutana ukumbini nilishika ukuta. Mtoto wa watu akanikimbilia akidhani ni presha. Nikamwambia hapana, mama, ni maulidi ya nyumbani kwetu yamenipitia.

Nyumba yetu ilikuwa Bwaise, nyuma ya Barabara ya Bombo, mahali ambapo mvua ikinyesha kidogo tu viatu vinaelea. Babu wa baba yangu alikuja na misafara ya biashara kutoka pwani akaoa hapa, na kati ya vyote alivyoleta kilichobaki ni mambo mawili: lugha hii, na maulidi ya kila Mfungo Sita. Baba alikuwa mwalimu wa madrasa, mtu wa sauti nzito na maneno machache. Kila mwaka, mwezi ule ulipofika, mikeka ilitandikwa kuanzia sebuleni hadi uani, mashuka yakatundikwa kuwa pazia kati ya wanaume na wanawake, na baada ya sala ya alasiri Baba alifungua kitabu.

Nyinyi mlioshiriki maulidi ya nyumbani mnajua kwamba si watu wote wanaofuata kitabu. Wengine wanafuata chungu. Bibi yangu, mama yake Baba, alikuwa akisema, "Maulidi bila pilau ni darasa." Ami yangu Saidi alianza kusinzia mlango wa kwanza wa kitabu usomwapo, akawa anakoroma kwa adabu hadi kwenye kiyamu, pale kisomo kinapofikia kuzaliwa kwa Mtume na watu wote husimama, ubani ukapitishwa, marashi yakanyunyizwa na kila kifua kikaimba. Hapo Ami Saidi alisimama wa kwanza kana kwamba hakulala kamwe.

Lakini miaka ile ya utawala wa wanajeshi hata pilau ilipikwa kwa hofu. Mchele na sukari vilipatikana kwa magendo. Watu walitiwa kwenye buti za magari mchana kweupe, na wapita njia wakajifunza kutazama viatu vyao. Nyuma yetu kulikuwa na bwawa la mafunjo. Tulikatazwa kucheza huko, si kwa sababu ya maji, bali kwa sababu ya yaliyokuwa yakitupwa majini. Nzi wa kule hawakuwa nzi wa kawaida. Majirani walimwambia Baba, "Mwalimu, mwaka huu acha. Watasema ni mkutano." Naye akajibu, "Ni mkutano kweli. Tunakutana kumsifu Mtume."

Mwaka huo nilikuwa nimeanza kukihifadhi kitabu cha maulidi. Baba alinisikiliza kila alfajiri, na nikikosea hata irabu moja alinirudisha mwanzo wa mlango. Kwa hiyo siku ya maulidi niliketi upande wa wanawake, mahali mashuka mawili yalipoachana kidogo, kitabu changu kwenye mapaja, nikifuata kwa kidole kila neno alilotamka.

Alikuwa ndani ya mlango wa pili tuliposikia risasi kutoka upande wa barabara, kavu na za haraka. Mwanamke mmoja huko nje alipiga ukemi, kisha ukemi ukakatika. Ami Saidi aliamka. Baba hakunyanyua macho. Aliendelea kusoma, sauti ikapanda kidogo tu, kama mtu anayewasemesha watoto wasisikie radi.

Kabla ya mlango ule kwisha, Yosefu aliingia kwa nyuma, akapita jikoni hadi uani kwetu. Alikuwa jirani yetu, kijana wa Kiganda, Mkristo, aliyefanya kazi ya kupakia mabehewa ya treni kwenye meli za ziwani huko Port Bell. Shati lake lilikuwa limelowa damu ambayo haikuwa yake.

"Mama, nifiche," alimwambia mama yangu, ulimi wake wa Kiganda ukigeuza kila r kuwa l. "Wamepiga kaka yangu lisasi. Kwa sababu ya gali tu. Alikataa kutoa ufunguo. Mimi nimeona sula ya aliyepiga, na yeye ameniona."

Mama aliganda, mwiko mkononi. Bibi hakuganda. Alivua buibui lake jeusi, akabaki na kanga, akamvisha Yosefu kichwani mpaka miguuni na kumketisha kati yake na mama yangu.

"Funika mikono," alimnong'oneza. "Na usitetemeke, unanitikisa na mimi."

"Bibi, huyu ni mwanamume!" nikasema.

"Leo ni shangazi yako. Soma."

Baba alikuwa ameketi akielekea uani. Pazia lilipopeperushwa aliona yote, kisha akageuza ukurasa.

Askari waliingia na mabuti yao juu ya mikeka. Mmoja alikwenda moja kwa moja kusimama uani, karibu na mlango wa jikoni. Mwingine, mrefu, mwenye kovu shingoni, alipiga teke dele la kahawa likammwagikia Ami Saidi miguuni, na Ami alipopiga kelele alichapwa kofi hadi kofia ikaruka. Upande wetu Yosefu alilitazama kovu lile kupitia uwazi wa mashuka, nikasikia meno yake yakigongana ndani ya buibui.

"Nyamaza kusoma!" yule mrefu alimwambia Baba. "Wapi huyo kijana?"

Baba alimaliza sentensi aliyokuwa ameianza. Hilo tu. Yule mtu akageuza bunduki akampiga kwa kitako mdomoni. Nimesikia sauti nyingi maishani, lakini ile ya mfupa na meno ya baba yangu bado ni changa masikioni. Alianguka ubavu. Damu ilitiririka kwenye kanzu yake nyeupe, ikaingia kwenye mkeka, na yule mtu akainua buti ampige mbavu.

"Basi!" ilisema sauti mlangoni.

Alikuwa mkubwa wao, mnene, mwenye miwani myeusi. Akatoa salamu ya Kiislamu, kamili hadi mwisho wake, na watu waliokuwa wakitetemeka wakaijibu, maana salamu ni deni. Akaketi kwenye kiti.

"Mwalimu, endelea," alisema. "Sisi hatuharibu dini ya mtu. Lakini hakuna mtu anatoka. Watu wote kaa chini. Vijana, angalia sura moja moja. Maliza wanaume, halafu ingia kwa wanawake."

Ndipo walipoanza. Waliinua videvu vya watu kwa mdomo wa bunduki. Mzee mmoja jirani, aliyechelewa kuinua kichwa, alipasuliwa paji la uso. Kijana wa madrasa alikokotwa kwa shingo hadi kwenye mwanga, akatazamwa, akatupwa. Safu baada ya safu walikuwa wanatukaribia, na shangazi yangu wa siku moja alikuwa akinong'ona majina ya watakatifu wake.

Baba alijiinua. Alitema kitu kwenye kiganja, akakifuta kwa mkono wa kanzu na kufungua kinywa. Sauti ilitoka imepinda, lakini ilitoka. Nilikuwa na kidole pale alipokatishwa, mwanzoni mwa mlango wa tatu, nikingoja. Maneno aliyosoma hayakuwepo. Nikatafuta juu, nikatafuta chini, nikafunua kurasa. Baba alikuwa mbali sana mbele, kwenye maneno yale yale ya kuzaliwa kwa Mtume.

Nikamvuta Mama. "Baba ameruka! Ameruka milango!"

Mama alinifinya paja kwa nguvu hivi kwamba alama ilikaa siku nyingi.

Ami Saidi ndiye aliyesimama wa kwanza, kama kawaida yake, miguu ikiwa imeungua. Kisha uani kote watu wakasimama, hata yule mzee ambaye damu ilikuwa ikimwingia machoni.

"Kaa chini!" alibweka yule mwenye kovu. Nadhani hakuwa wa dini yetu. "Nani amesema simama? Kaa chini, nitapiga!" Tukasikia chuma cha bunduki kikivutwa.

Mkubwa wao alikuwa amemkazia Baba macho. Alivua miwani taratibu. Alimtazama, unyusi mmoja ukiwa umepanda, kama mwalimu aliyemshika mwanafunzi. Kisha akainuka kwenye kiti, akafumba viganja juu ya tumbo lake.

"Wachana nao," alisema bila kugeuza kichwa. "Na wewe simama vizuri. Weka bunduki chini."

Kiyamu kilianza. Watu waliimba kama wanaosukuma ukuta. Bibi alirusha konzi nzima ya ubani kwenye chetezo, moshi ukajaa uani hata tukakohoa katikati ya sifa. Yule askari wa mlango wa jikoni, asiyejua kulikoni, alisogea hadi penye pazia kuchungulia. Nyuma ya mgongo wake Bibi alipita na chetezo mkono mmoja, na mkono wa pili amemshika mwanamke mrefu kupita kiasi mwenye buibui lililoishia kwenye mashavu ya miguu. Wakaingia jikoni. Baba alifika mwisho wa kiitikio akakianza tena. Akakirudia. Kila alipoachama damu ilimtoka, naye akaimeza na kuendelea, na hakuna aliyeketi kabla yake.

Alipomaliza na kuomba dua, walikuja upande wetu. Walituvua shela kwa ncha ya bunduki. Binti mmoja alichapwa kwa sababu tu alilia. Bibi akarudi kutoka jikoni, miguu imejaa tope jeusi la bwawani hadi juu ya vifundo.

"Wewe mama mzee, ulikuwa wapi?" aliuliza yule mwenye kovu.

"Kwenye chungu, mwanangu. Au unataka kula mchele mbichi?"

"Kuna mtu gani mwingine ameingia hapa leo?"

"Mgeni wa maulidi hatumuulizi jina. Wewe nimekuuliza lako?"

Nilifumba macho nikingoja pigo. Halikuja, kwa sababu mkubwa wao alikuwa amesimama mbele ya Baba na wote waligeuka kusikiliza.

"Mwalimu," alisema, kwa upole kabisa. "Leo umeruka."

"Mdomo unauma, afande," Baba alijibu. "Nimefupisha."

"Hata mimi nilisomeshwa kitabu hiki. Kwa fimbo." Akavaa miwani yake. "Mchukueni."

Walimburuta kwa miguu, kichwa chake kikigonga kizingiti. Mama aliushika mkono wake hadi walipomkanyaga vidole akauachia. Walimtia kwenye buti ya gari, na juu ya kiti cha nyuma wakapakia chungu chetu cha pilau na kifuniko chake. Siku hiyo hatukula. Jioni tuliosha mikeka, na maji yalikuwa mekundu kila tulipoyabadilisha.

Baba alirudi, alhamdulillahi, mwezi mwingine ukiwa umeandama. Wengi hawakurudi. Walimshusha kando ya Barabara ya Bombo, taya limeungana upande, mgongo una mistari ambayo Mama hakuturuhusu kuihesabu. Herufi za midomo zilikuwa zimemkimbia, hakuweza tena kusoma mbele za watu. Yosefu tulisikia baadaye kwamba alilala ndani ya mafunjo, kisha wenzake wa Port Bell wakamvusha ziwa hadi Kisumu. Kaka yake alizikwa upesi na watu wachache.

Kwa miaka mingi mimi niliamini kwamba pigo lile lilimchanganya Baba akili. Niliona haya kwa ajili yake, baba yangu aliyenirudisha mwanzo kwa irabu moja, kusahihishwa na askari mbele ya watu. Niliwahi kumuuliza, "Baba, ulisahau?" Akacheka kwa upande wa mdomo uliokuwa ukicheka bado. "Nilisahau, mwanangu. Uzee."

Alikuwa hajafika miaka arobaini.

Nilielewa nikiwa mwalimu mwenyewe, Baba ameshatangulia mbele ya haki, siku mwanafunzi wangu mmoja alipochanganyikiwa akakosea kisomo. Alitangatanga, akarudi nyuma, akaparamia neno, akalia. Nikamtazama nikawaza: kichwa kilichopotea hakifiki moja kwa moja mahali kinapohitajika. Baba hakutangatanga. Alijua ni maneno gani pekee katika kitabu kizima yatakayowainua watu wote kwa pamoja, na hakuna Mwislamu mwenye bunduki atakayethubutu kuwaketisha.

Na kuna jambo nililolielewa baadaye zaidi, ambalo bado linaniamsha alfajiri. Yule mkubwa wao alijua tangu neno la kwanza. Niliuona unyusi wake. Angeweza kusema "kaeni" papo hapo, na Yosefu angekufa miguuni pangu. Alisimama hadi mwisho, viganja tumboni, na alipomaliza kusimama akamfanyia baba yangu aliyomfanyia. Zamani nilimwombea adhabu tu. Siku hizi namwambia Mola wangu: ile dakika aliyosimama unaijua, na damu ile unaijua; mizani ni yako, na mimi nashukuru kwamba si yangu.

Nawe uliyesoma hadi hapa, Mungu akupe nyumba ambayo mgeni haulizwi jina, akulinde na buti la gari na buti la askari, na siku utakapotakiwa kusimama, miguu yako isikusaliti. Amina.