Ukurasa wa Tatu wa Bango Kitita

Kazi yangu ni kuwaeleza watu jumuiya ya nchi zetu ni kitu gani. Makao makuu yake yapo hapa Arusha, basi watu hudhani kila anayekaa mjini hapa anaijua, kama wanavyodhani kila aliyezaliwa Meru amewahi kufika kileleni. Mimi kileleni sijafika. Lakini jumuiya niliamini naieleza vizuri, mpaka siku niliyompeleka shemeji yangu mpakani na ndizi zake.

Nina bango kitita, yale makaratasi makubwa yanayofunuliwa moja baada ya jingine mbele ya wanasemina. Nimelibeba kwenye kumbi za makanisa kuanzia Elerai hadi Nkoaranga. Ukurasa wa kwanza unaeleza jinsi nchi jirani zinavyokubaliana kutotozana ushuru, na kutoza ushuru uleule kwa bidhaa zinazotoka nje. Huwa nawaambia, fikirieni majirani waliobomoa nyua zilizokuwa kati yao, wakajenga ua mmoja mkubwa kuwazunguka wote. Watu wanatikisa vichwa kukubali. Ukurasa wa pili unasema mtu naye anaweza kuvuka akafanye kazi au biashara kwa jirani. Hapo wanapiga makofi.

Ukurasa wa tatu ni wa vyeti. Na ni hapo, kila semina, harufu ya chai ya tangawizi inapoingia ukumbini na mwenyekiti anapokohoa: "Mwalimu, maandazi yanapoa." Nami ni binadamu. "Vyeti vipo, mtaelekezwa," nasema, naufunika ukurasa, tunakwenda kunywa chai. Kwa miaka yote hiyo sidhani kuna mtu aliyewahi kuusoma, nikiwemo mimi niliyeuandika.

Shemeji, mke wa mdogo wangu, ana migomba Nkoaranga. Alikuwa amechoka na madalali wanaofika shambani na kumpangia bei, ndipo akampata mpishi wa sherehe ng'ambo ya mpaka aliyetaka mikungu ya mshare, zile ndizi za kupika, kwa ajili ya harusi ya Jumamosi. Ikimpendeza, angechukua kila wiki. Kwa shemeji hiyo ilikuwa njia ya kuachana na madalali kabisa.

"Shemeji, nahitaji nini kuvuka?" aliniuliza.

"Huhitaji kitu. Hakuna ushuru. Utapita kama unakwenda sokoni Tengeru." Kisha nikaongeza, kwa ukarimu uliopita kiasi, "Nitakusindikiza mwenyewe." Nikavaa suti.

Tulifika Namanga Ijumaa asubuhi na kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, mikungu imepangwa hadi juu. Pale maofisa wa nchi mbili wanafanya kazi chini ya paa moja. Jengo hilo nimelichora kwa kalamu ya wino mzito mara nyingi sana. Kulipita, nililipita ndani ya gari la ofisi, dereva akihangaika na karatasi, mimi nikisinzia. Kwa hiyo nilisimama kwenye foleni hadi dirishani, nikaambiwa hilo ni la wanaoingia Tanzania. Nikahamia jingine, nikaambiwa ni la malori. Kwenye la tatu ofisa akamuuliza shemeji kwa upole, "Mama, cheti cha asili ya bidhaa unacho? Na mkaguzi wa mimea ameziona ndizi?"

Shemeji akanigeukia. Nikaanza kumweleza ofisa maana ya soko la pamoja, toka mwanzo. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Ni kweli kabisa, mzee. Sasa cheti?"

Naomba nieleze hapa nilichopaswa kukieleza kumbini. Cheti hicho ndicho kinachothibitisha kwamba ndizi zimeota ndani ya ua wetu. Bila hicho, mtu angeleta mzigo kutoka nje akaapa kuwa umelimwa Nkoaranga, na ua wote ungekuwa kazi bure. Si kitu kigumu. Mwenye mzigo mdogo anakipata palepale mpakani, bora ajue pa kukiomba. Hayo yote yapo kwenye ukurasa wa tatu, kwa mwandiko wangu.

Simu ya shemeji ikalia. Alikuwa mpishi. "Dada, niko huku ng'ambo, nakuona hata na leso yako. Mbona husongi? Ikifika saa tisa itabidi nichukue viazi."

Jua lilikuwa limeshafika kwenye mikungu. Nikasikia sauti nyuma yangu.

"Mwalimu! Shikamoo! Hunikumbuki? Ulitufundisha Kisongo. Maandazi yale yalikuwa mazuri sana."

"Marahaba, mama. Na somo je?"

"Somo nililimalizia hapa. Vitunguu vyangu vilikaa juani siku mbili, nikavimwaga. Nilikupigia simu, ukasema uko kwenye semina."

Alisema huku akicheka, bila kinyongo. Angenitukana ningeona nafuu. Akamshika shemeji mkono. "Twende mama, kuna dawati la wafanyabiashara wadogo. Huyu mwache alinde ndizi."

Nikalinda. Nilisimama juu ya kirikuu na suti yangu, nimeinua turubai kwa mikono miwili ili mshare zipate kivuli. Wapita njia walisimama kuniuliza bei. Fomu ilikuwa ya ukurasa mmoja. Mkaguzi wa mimea alirudi kutoka chakula cha mchana saa nane, akapasua ndizi moja, akalitazama ganda, akasaini. Saa tisa kasoro kidogo mikokoteni miwili ikavuka na mikungu yetu. Kwa mbali nilimwona mpishi akiupiga mkungu kofi la mapenzi, kama mtu anayempokea mtoto kutoka shule.

"Wiki ijayo anataka tena," shemeji alisema aliporudi. Alimwambia mama wa vitunguu, si mimi.

Njiani nilikiri kwake habari za ukurasa wa tatu, na tulipopita Longido akauliza: "Shemeji, huo ukurasa bado unao?"

"Upo."

"Nitakuja kuuona."

Semina iliyofuata ilikuwa Nkoaranga, na chai alipika yeye. Alikaa mstari wa mbele, chupa za chai katikati ya miguu, maandazi amefunika kwa kanga mapajani. Mwenyekiti akakohoa.

"Bado, mwenyekiti," alisema bila kugeuka. "Ukurasa wa tatu."

Tuliusoma saa nzima. Kila mtu alijaza fomu ya mazoezi kwa zao lake, kahawa, maharage, ndizi, nami nikapita nikisahihisha, na nakiri nilifurahi kuliko nilipokuwa napigiwa makofi. Kisha nikafunua ukurasa wa nne: sarafu moja, na hatimaye serikali moja ya nchi zote.

"Hiyo ni lini, mwalimu?" akauliza bibi mmoja.

Nikamtazama shemeji. "Shemeji," nikasema, "chai inapoa."