Kulabu za Blanketi la Farasi

Juzi nilikuwa napita tu kwenye soko la tombola, penye nguo kuukuu za Ulaya, mfuko wangu ukashikwa. Kugeuka, naona blanketi la farasi limekunjwa chini ya makoti, kulabu yake imenasa mfuko wangu. Muuzaji akaniomba radhi, lakini mimi, rafiki yangu, nilikuwa nimeshakasirika, na hasira yenyewe ilikuwa ya utotoni.

Baba alikuwa mtunza farasi kwenye mazizi pembeni mwa Lubumbashi, nasi tuliishi hapohapo nyuma. Baridi ya mwezi wa sita ikianza, kila farasi alivalishwa blanketi. Lilifungwa kwa mikanda, mingine chini ya tumbo, mingine katikati ya miguu ya nyuma, na kila mkanda ulikuwa na kulabu ya chuma. Kulabu hizo hazikuacha kitu. Zilinasa ndoo, maji yakamwagika, nami nikarudi bombani. Zilinasa komeo la mlango na wavu wa kuku. Siku moja farasi jike mzee mwekundu alikatiza uwanja akiburuta shuka za bibi, kamba na vyote, zimetoka kufuliwa. Baba alizigeuza kulabu zitazame ndani, akazifunga kwa vitambaa, akajaribu mpira wa baiskeli. Kesho yake zinatazama nje tena.

Bibi, mama yake baba, alikuwa na neno lake juu ya mnyama kuvalishwa nguo, kila asubuhi akipuliza makaa kwenye babula, jiko letu: “Nyama iko na manyoya yake. Koti ni ya nini?”

Asubuhi moja tunakunywa uji wa karanga, tukasikia waya unalia. Yule jike alikuwa amejikuna kwenye ua wa bustani yetu ya muhogo, kulabu ikanasa kwenye waya wa miiba. Alipovuta, mkanda ulimzunguka mguu wa nyuma, na kila alipopiga teke ukazidi kumbana. Damu ilishuka mpaka kwenye ukwato. Baba alimshika kichwa kwa mikono miwili, hakuthubutu kuachia.

“Lete kisu,” bibi akaniambia.

“Mama, hapana,” baba akasema. “Blanketi haiko yetu. Patron atanifukuza.”

“Na muguu iko ya nani?”

Bibi huyo, aliyekuwa akiogopa hata kupita karibu na mazizi, akachuchumaa nyuma ya farasi mwenye hofu, akakata. Farasi akaruka. Bibi akaangukia kwenye muhogo, akalala kimya, na baba akaita “Mama” kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Kisha bibi akaketi, akapangusa udongo kwenye kikwembe alichojifunga kiunoni. “Nilisema,” akasema.

Baba hakufukuzwa. Mwenye farasi alikitazama kidonda, akalitazama blanketi, na wiki ile akaleta jipya, lenye kulabu kubwa zaidi. Baba alilipokea, akasema, “Merci, patron,” na jioni akaketi kuzifunga kulabu kwa vitambaa.

Mguu ulipona. Mazizi ndiyo hayakudumu: leo pale pana ukuta mrefu, na malori ya madini yanaegeshwa nje. Nilipita na wanangu, nikawaonyesha. Mdogo akauliza farasi anakula nini. Nilitaka kuwasimulia jinsi zile kulabu zilivyotuchosha, lakini lalamiko kama lile linataka mtu aliyechoka pamoja nawe, na kati yetu tulioishi nyuma ya mazizi yale nimebaki hai mimi peke yangu.