Tanzia ya Hawe

Kazi ile niliipenda kabla sijaianza. Chama chetu cha kusaidiana kina matawi kuanzia Kikambala mpaka Marereni: wakulima, wachimba chumvi, wapishi wa hoteli, akina mama wa sokoni. Ukifiwa, wenzako wanakuchangia. Lakini kila tawi lilikuwa likijitengenezea matangazo yake, na ukiyatandaza pamoja ungedhani ni vyama tofauti vinavyogombana. Mwenyekiti akanitafuta kwenye saiberi ya Kilifi, nilikokuwa nikiwapangia watu kadi za harusi. Shule niliiacha kidato cha pili, na nikamwambia. Akasema hataki cheti, ataka macho.

Alichotaka ni mfumo mmoja wa usanifu kwa chama kizima: rangi moja, herufi za aina moja, na violezo vya barua, kadi za uanachama na matangazo, vyote vikae mtandaoni. Katibu wa tawi lolote afungue kwenye simu, ajaze nafasi zilizo wazi, tangazo litoke likifanana na la mwenzake. Nilichagua buluu, nikazungushia pindo kama la leso pande zote nne. Siku zile nikitembea barabarani nilikuwa natazama leso za watu mpaka mama mmoja akaniuliza kama nataka kumposa.

Makatibu walipopewa violezo walifurahi kupita kiasi. Malindi wakatia mawaridi kwenye barua ya kudai michango. Marereni wakaona buluu imepoa, wakaigeuza kijani. Kikambala wakaweka mwavuli wa ufukweni kwenye tanzia, marehemu akaonekana kama amekwenda likizo. Mimi nilicheka mpaka machozi. Mwenyekiti hakucheka. Akaniamuru nivifunge violezo vyote, mtu asiweze kugeuza kitu ila maneno na picha, na idhini ya kuvifungua ikabaki kwake na kwa mweka hazina, wakubaliane wote wawili.

Tena walikuwa wametokea matapeli, wakirusha tanzia za watu walio wazima na kuomba mchango. Basi nikazunguka matawini nikiwafundisha wanachama: tangazo likikosa pindo la buluu na alama ya chama, si letu, msitoe hata senti. Walielewa upesi. Nilirudi nyumbani nikijiona mwalimu.

Kilichobaki kuamuliwa kwenye tanzia kilikuwa ile nafasi ya juu ya picha, pa kutia alama ya dini. Wengine walitaka mwezi na nyota, wengine msalaba. Mwenyekiti ni haji, mtu wa mjini wa ukoo wa wafanyabiashara. Mweka hazina ni mama wa kanisa. Walichukuliana kwa heshima mno, hata ukubwa wa mwezi na wa msalaba ukapimwa usizidiane. Nikauliza, na wale wasio wa huku wala kule?

Nilikuwa namfikiria hawe wangu, ndiyo bibi kwa Kigiriama, mama yake baba. Alikuwa mwanachama wa tawi la Tezo, mkulima wa mihogo na korosho. Mwanawe mdogo alikuwa ameokoka, binti yake ameolewa akasilimu, na yeye alibaki na koma zake, wazee waliotangulia, akiwamwagia tembo la mnazi chini kabla hajaonja. Hakugombana na mtu. Alisema tu kwamba wote tukihama, wale wazee watabaki na nani.

Nilimwonyesha violezo kwenye simu. Akavitazama kimoja kimoja.

"Mume wangu," akasema, maana ndivyo alivyokuwa akinitania, "huyu ana msalaba, huyu ana mwezi. Mimi yangu iko wapi?"

"Naitengeneza, Hawe."

"Itengeneze upesi. Mimi si mchumba wa kungojeshwa."

Nikaitengeneza. Pindo lilelile, buluu ileile, na juu ya picha patupu, hapana kitu. Nikaipeleka kikaoni. Mweka hazina akaniambia kwa upole kwamba watu watadhani tumesahau. Mwenyekiti akasema tukianza kufungua kwa huyu, kesho Kikambala watarudi na mwavuli wao. Wakaahirisha mpaka kikao kijacho, nami nikatoka napiga mluzi, maana kikao kijacho si kinakuja? Kilikuja, kikawa na mengine. Na kilichofuata vilevile.

Hawe alifariki asubuhi moja ya mvua. Habari ilinikuta ofisini. Mwenyekiti alikuwa safarini na simu yake haikushika. Mweka hazina alilia pamoja nami kwenye simu, alilia kweli, lakini peke yake hakuweza kufungua kitu. Na huko Tezo katibu alikuwa ameshakaa na baba mdogo. Tangazo halitoki bila kuchagua mwezi au msalaba, na bila tangazo watu hawachangi. Baba mdogo akachagua msalaba. Simlaumu. Alichagua katika viwili alivyowekewa.

Tanzia ilinifikia kwa simu kama ilivyomfikia kila mtu. Ile picha yake ya kitambulisho, na juu ya kichwa chake msalaba niliouchora mimi. Kila kitu kilikuwa kimekaa mahali pake. Nilitafuta kosa lolote, hata herufi iliyopinda, sikuliona.

Nikatengeneza nyingine kwenye simu yangu. Pindo na alama ya chama sikuvitia, maana si vyangu kuvichukua. Nilitia picha yake akicheka, jina lake, na mahali pa mazishi. Nikampa binamu yangu airushe kwenye kundi la tawi. Mtu akaandika papo hapo: "Haina pindo. Matapeli hawa hata maiti hawaionei haya." Wengine wakamuunga mkono. Nikampigia katibu, nikamweleza ni mimi.

"Nimejua ni wewe, ndugu yangu," akasema. "Lakini zikiwa mbili, watu watazitilia shaka zote. Bibi atazikwaje?"

Akawaambia waifute, wakaifuta. Walifanya sawasawa na nilivyowafundisha.

Siku ya mazishi kwaya ilikuja na mchungaji wake. Hawakuja kwa ubaya, walisoma walichoandikiwa. Wazee wa kike wenzake Hawe walikuja pia, kumwimbia nyimbo za msiba za kwetu, lakini walipoona meza na vipaza sauti wakakaa kando ya mihogo wakingoja zamu. Zamu haikuja, ikaja mvua. Kaburini ukasimamishwa msalaba wa mbao. Fundi alikuwa ameitazama tanzia kwenye simu akapaka buluu ileile, na herufi za jina akaziiga vizuri sana.

Watu walipotawanyika nikawafuata wale wazee kuwaomba radhi. Nikawaamkia. Mmoja, aliyekuwa akilima pamoja na Hawe, akanishika mkono.

"Ndiwe mwenye kutengeneza yale matangazo ya simu?"

Nikasema ndimi.

"Na mimi ni mwanachama. Siku yangu ikifika, ni hayo mawili tu?"

Nilitaka kumwambia liko la tatu, nimeshalichora, linangoja kikao. Sikuweza kulisema tena neno hilo.

"Ni hayo mawili, Hawe."

Akasema, "Basi mimi niwekee mwezi. Huyo msalaba hatujuani. Mwezi angalau tumeonana."

Wenzake wakacheka, naye akacheka, kisha akaniuliza kama nitakumbuka. Nikamwambia nitakumbuka. Wakamvuta mkono waende, maana njia ilikuwa imeanza kuteleza.